Chuo Alichochagua Binti wa Verlyn

Verlyn Tveit alikuwa mchukuzi wa maziwa kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo alikataa matangi saba tu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya ng'ombe ya upande wetu wa Wisconsin, kufunua kifuniko cha tangi la mkulima, kuinama na kunusa. Sheria inataka hivyo. Maziwa yakiwa na harufu ya zizi au ya vitunguu pori, mchukuzi hayavuti kwenye lori lake. Anaandika karatasi, anaondoka, na mkulima anayamwaga. Maana yakishaingia kwenye lori yamechanganyika na ya majirani, na hapo hakuna wa kuyatenganisha. Wengine walisema Verlyn ni mpole mno. Mimi nilikuwa nikipokea malori pale kiwanda cha jibini, na nawaambia pua yake ilikuwa nzima kabisa. Ila alikuwa mtu wa kunusa mara ya pili na ya tatu kabla ya kumharibia mwenzake siku.

Mkewe, Lorna, alikuwa mtunza maktaba katika shule ya mji. Alikufa kwa ugonjwa wa damu binti yao, Signe, akiwa na miaka kumi na mmoja. Hawakuwa na mwingine. Verlyn hakuoa tena. Alijifunza kusuka nywele kwa kumtazama binamu yake akisuka mkia wa farasi, na kwa mwaka mzima Signe alikwenda shule na msuko mmoja mnene mgongoni, umekazwa hadi nyusi zinapanda.

Mtoto alikua akawa na maneno. Kila wakati wa uchaguzi Verlyn alisimamisha kibao cha mgombea wake uani, na Signe akabandika cha mgombea mwingine kwenye dirisha la chumba chake, juu kidogo ya kile cha baba. Watu wakipita barabarani walicheka. Nilikuwa nikila kwao siku za Jumapili, na mezani ilikuwa hivi:

"Baba, umempigia kura yule yule tena?"

"Nimempigia mtu wa kuwatetea wenye ng'ombe."

"Ng'ombe hawapigi kura."

"Ndiyo maana nawapigia mimi. Nipitishie viazi."

Walikuwa wanagombana kama watu wanaocheza karata. Mmoja akishindwa, anachanganya upya.

Basi ukafika mwaka wa kuchagua chuo. Signe alitaka kwenda kwenye kimojawapo cha vile vyuo vidogo ambako kijana hasomei kazi moja, bali anasoma kila kitu kidogo kidogo, falsafa, nyota, mashairi, na wote wanalala na kula mahali pamoja kwa miaka minne. Vyuo vya namna hiyo masomo yao yanafanana. Kinachotofautiana ni watu wake, wanaamini nini, wanamchukia nani, wanakaa mezani na nani. Watoto wa siku hizi wanachagua kwa hilo kuliko wanavyochagua kwa mwalimu, na sisemi wanakosea. Miaka minne ni mingi kukaa na watu.

Kiwandani habari ilifika kabla ya barua ya chuo chochote. Orrin Backes, aliyekuwa akiosha mabomba ya malori, akamshika Verlyn mlangoni.

"Nasikia unampeleka mtoto kwa wale wa Penhallow, kule Ohio."

"Bado anachagua."

"Atarudi na pete puani, bwana. Atakuita 'ndugu' badala ya 'baba'."

"Bora aniite ndugu kuliko asirudi."

Orrin akacheka. Verlyn hakucheka. Nilimjua vya kutosha, nikajua hapo amesema lote lililokuwa moyoni. Wanaume watatu wa rika lake pale mjini walikuwa na watoto waliokwenda chuo wakakata mguu nyumbani kwa sababu ya siasa. Mmoja alimwona mjukuu wake mara ya kwanza kwenye kalenda ya picha za familia, ukutani kwa mtu mwingine. Verlyn alikuwa ameamua kwamba yeye hatampoteza wake kwa kushika sana. Angemwachia achague, na popote atakapochagua, yeye angefika, angevua kofia, angekula chakula chao.

Tulikwenda kuvitazama viwili, na mimi nilikwenda kwa kuwa Verlyn alizoea kulala mapema na alihitaji wa kupokezana naye usukani. Signe alikuwa na swali moja aliloliandika kwenye kiganja cha mkono ili asione haya akasahau: Nikisema jambo mkaliona baya, mtanifanya nini?

Cha kwanza kilikuwa Nordahl, chuo cha kanisa, kule Minnesota. Nyasi zimekatwa kama ndevu za bwana harusi. Bendera kila mlango, mabweni ya wavulana ng'ambo ya ziwa. Kijana aliyetutembeza alikuwa akienda kinyumenyume ili atutazame usoni, ndiyo desturi yao vyuo vyote. Signe akamuuliza swali lake. Kijana akatabasamu akasema, "Tutakuombea."

Verlyn alipapenda. Niliona kwa jinsi alivyogusa mbao za kanisa lao. Lakini mezani Signe alinong'ona, "Baba, hapa nitakuwa naombewa kutwa," naye Verlyn akatafuna, akameza, akasema, "Haya basi. Tutazame kingine."

Penhallow ilikuwa mwendo wa saa kumi na moja kwa gari. Majengo ya mawe mekundu, na karatasi za matangazo zimebandikwa kila mahali hadi kwenye miti: mikutano, maandamano, vikao vya kuomboleza mambo yaliyotokea nchi za mbali. Verlyn alitembea ubao hadi ubao amevaa miwani, akizisoma zote. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Nanusa." Aliingia hata chooni akasoma yaliyoandikwa mlangoni. Alipotoka akasema, "Wana hasira, lakini wanaandika vizuri."

Aliyetutembeza hapo alikuwa msichana mwenye nywele za rangi ya zambarau, naye akienda kinyumenyume. Signe akauliza. Yule akafikiri kidogo, akajibu, "Tutakueleza."

Signe alimgeukia baba yake uso umewaka. Mtoto wa watu anapenda kuelezwa kuliko kuombewa, ni umri. Ndani ya gari, kabla hatujatoka hata lango la chuo, alisema, "Ni hapa."

"Hawatanipenda hapa," Verlyn akasema.

"Wewe hutakuwa unasoma."

"Kweli."

"Baba, utakasirika?"

"Nitakasirika nikifika nyumbani. Sasa hivi naangalia barabara."

Signe akaomba nafasi, akakubaliwa, akapewa na ufadhili juu. Maombi yale yanataka insha, ukurasa mmoja na nusu wa kujieleza. Signe aliiandika chumbani kwake mlango umefungwa, na Verlyn hakuomba kuisoma. Alisema barua ya mtu ni barua ya mtu.

Mwishoni mwa Agosti tulimpeleka. Tulibeba masanduku ghorofa ya tatu, Verlyn akakaza skrubu za kitanda ambazo hazikulegea. Mchana wazazi na watoto waliitwa ukumbini kukaribishwa. Akasimama mkuu wa udahili, mama mmoja mrefu mwenye sauti nzuri, akasema amezisoma insha zote na sasa atawaambia wao ni kina nani, bila kutaja majina. Hiyo nayo ni desturi yao. Miongoni mwenu, akasema, yuko aliyetengeneza kinubi kwa mabati. Makofi. Yuko aliyevuka mipaka mitatu kwa miguu. Makofi. Yuko pacha ambaye pacha wake yuko Nordahl, tumwombee. Vicheko.

"Na yuko binti wa shambani," akasema, akashusha sauti, "ambaye baba yake alichoma vitabu vyake kwenye pipa uani kwa sababu ya yaliyoandikwa ndani, na akamlazimisha asimame atazame. Binti huyo leo yuko hapa. Karibu nyumbani."

Ukumbi mzima ulisimama. Watu walipiga makofi huku wanafuta machozi. Verlyn naye alisimama na kupiga makofi kwa kuwa wote wamesimama, mikono yake ikapiga mara tatu nne, halafu ikaacha. Signe alikuwa safu ya mbele na wenzake. Nyuma ya shingo yake ilikuwa nyekundu kama aliyeunguzwa na jua, na hakugeuka.

Sasa niwaeleze hilo pipa, maana nilikuwepo. Miaka miwili nyuma mto ulifurika, ukajaza chumba cha chini ya nyumba ya Verlyn. Vitabu vya Lorna vilikuwa huko kwenye maboksi, pamoja na vya Signe vya utotoni. Maji yalipotoka vilikuwa vimevimba na kuota ukungu mweusi, na Signe ana pumu. Kila nyumba ya mashambani kwetu ina pipa la kuchomea taka uani. Tulivichoma alasiri nzima, Verlyn na mimi, yeye akivitoa kimoja kimoja na kufungua kurasa za mwanzo kutafuta mwandiko wa mkewe. Signe alisimama kwenye ngazi ya mlango amejifunga shuka puani, analia. Hakuna aliyemlazimisha. Verlyn alimwambia mara mbili aingie ndani. Naye Verlyn alikuwa analia, ila moshi ulimstiri.

Njiani kurudi tukaingia Indiana. Nikamwambia, "Verlyn, mpigie yule mama simu. Mwambie ukweli."

"Wakijua kadanganya watamfukuza. Iko kwenye karatasi aliyotia sahihi, niliiona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyamaza, rafiki yangu. Ni mimi tu nimetukanwa, na hakuna anayenijua kule."

Lakini Oktoba ikaja wikiendi ya wazazi, na Signe akaandika ujumbe: kama una kazi nyingi si lazima. Verlyn akausoma mara nyingi. Alisema asiyekwenda sasa atakuwa amekiri kwamba ana kinyongo, na kinyongo ndicho kilichowamaliza wale wengine watatu. Tukaenda. Alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

Chumba cha chakula kilikuwa kimejaa. Signe alitukumbatia haraka, mkono mmoja, akatuketisha na marafiki zake wawili: Thalia, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, na kijana aitwaye Bram. Walikuwa watoto wenye adabu. Walimpitishia Verlyn mkate kabla hajaomba. Lakini walimtazama kama watu wanavyomtazama mbwa aliyewahi kuuma.

Mazungumzo yakaenda kwenye hali ya hewa, yakaenda kwenye ng'ombe. Bram akauliza kwa nia njema kabisa kama ng'ombe wanahuzunika. Verlyn akasema wengine ndiyo, wengine ni wa Kilutheri, hawaonyeshi. Thalia akacheka bila kutaka, halafu akajikaza, akaweka uma chini.

"Bwana Tveit, naweza kukuuliza kitu? Signe ametusimulia. Sisi hapa tunaamini watu wanaweza kubadilika. Nataka tu kuelewa. Kwa nini ulivichoma?"

Nikafungua mdomo. Kiatu cha Verlyn kikanikanyaga chini ya meza, na kiatu cha mchukuzi wa maziwa kina chuma mbele. Nikaufunga.

Yeye akamtazama binti yake. Signe alikuwa anatazama sahani. Kidole chake kilikuwa kinasukuma punje moja ya njegere kuzunguka ukingo, kuzunguka, kuzunguka. Kama angeinua macho hata kidogo nadhani mambo yangekwenda kwingine. Hakuinua.

"Nilikuwa mjinga," Verlyn akasema. "Nilikuwa na hofu na yaliyokuwemo."

"Asante kwa kusema," Thalia akamwambia, na machozi yakamlengalenga. Akaufikia mkono wa Verlyn juu ya meza akaugusa. "Si rahisi."

"Si rahisi," Verlyn akakubali.

Baadaye Signe alitusindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa anatembea mbele kwa hasira, kisha akageuka ghafla pale kwenye kokoto.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli! Ungesema ukweli, Baba!"

"Wangekufukuza."

"Ningefukuzwa! Ingekuwa imeisha! Nimekaa miezi miwili nasubiri mtu aseme, silali, na wewe umekuja umekaa pale ume... umeutia sahihi uongo wangu. Sasa ni kweli. Sasa hata nikisema nilidanganya watasema ninakulinda."

Verlyn alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Sikujua unataka hivyo. Hukunitazama."

"Ningekutazamaje?"

Upepo ulikuwa unasukuma karatasi za matangazo kwenye miti. Verlyn akauliza, kwa sauti ya chini, jambo alilolibeba tangu Agosti.

"Kwa nini mimi, Signe? Nilikufanya nini?"

"Hukunifanya kitu! Ndilo tatizo. Waliuliza umeshinda dhiki gani maishani, na sikuwa na kitu. Hukuwahi hata kunipiga kofi. Wote wanaokubaliwa hapa wameshinda kitu."

"Ulikuwa na kifo cha mama yako."

Akatikisa kichwa. Akaanza kulia kama alivyokuwa akilia mdogo, mdomo wazi bila sauti. "Mama sikutaka kumuuza," akasema.

Verlyn akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei akaiona ni ya haki. Akamwambia aingie ndani, kuna baridi. Akaenda kumkumbatia, na Signe akarudi hatua moja nyuma. Si kwa chuki. Nimeona watu wengi katika kutembea kwangu, na hatua ile naijua, ni ya mtu aliyefanyiwa wema mkubwa kuliko anaoweza kuubeba. Wa namna hiyo huwa hawarudi nyumbani. Mwenye kinyongo angalau hurudi kugomba.

Sikukuu ya Shukrani, Novemba, Signe hakuja. Alikwenda kwao Thalia. Verlyn alioka bata mzinga mdogo, tukala wawili, na jioni mama yake Thalia akapiga simu kumtakia heri. Nilisikia upande wa Verlyn tu. "Ndiyo, mama. Asante, mama. Ndiyo, najitahidi." Alipoweka simu akasema, "Anajivunia hatua nilizopiga." Akajaribu kucheka, ikatoka kama kikohozi.

Krismasi Signe alikuja siku mbili. Waliongea kwa adabu. Verlyn aliongea siasa makusudi, akamsifia mgombea wake ili binti akasirike, na Signe akasema, "Labda una hoja, Baba." Verlyn akamtazama kama aliyeambiwa nyumba imeuzwa. Mwaka uliofuata hapakuwa na kibao dirishani, na yeye hakusimamisha chake uani. Orrin alimtania kiwandani, "Wamekubatiza, Tveit!" Akasema, "Nimechoka kupigilia misumari."

Signe alimaliza, akapata kazi Oregon, pwani ya magharibi. Kadi zilikuja siku za kuzaliwa, fupi, za upendo, zisizo na kitu. Alikuja mara mbili katika miaka mitano, mara zote alipanga hoteli kule barabara kuu. Verlyn hakuwahi kumsema vibaya. Niliwahi kumuuliza kama angempeleka Nordahl laiti angejua. Akasema, "Kule angewaambia nini? Kwamba baba yake hasali?" Kisha akasema si kosa la chuo, wala la huyu wala la yule, watoto wanataka kupendwa na watu wanaokaa nao. Akaendelea kuosha bomba lake.

Alikufa Februari akiwa na miaka sitini na miwili, kwenye shamba la akina Kolstad. Moyo. Mashine ilikuwa bado inavuta maziwa.

Signe alifika asubuhi ya mazishi, mikono mitupu, koti jembamba la watu wa pwani. Baada ya ibada tulishuka ukumbi wa chini wa kanisa, kahawa, mikate ya nyama, na mchungaji akauliza kama familia ina neno. Signe akasimama. Alikuwa ameshika karatasi lakini hakuisoma.

"Nataka mjue," akasema, "baba yangu hakuchoma vitabu vyangu kwa ubaya. Vilikuwa vimeoza. Mimi nilisema uongo. Hakuwa mtu wa hivyo. Naomba mjue hilo."

Watu walitazamana. Bibi Kolstad alimwinamia jirani yake akauliza, "Vitabu gani?" Hakuna hata mmoja mle ukumbini aliyewahi kusikia kwamba Verlyn Tveit alichoma vitabu. Orrin, naye kazeeka sasa, akasema kwa ukarimu kutoka nyuma, "Tunajua, binti. Kila mtu huchoma takataka."

Signe akanitafuta kwa macho. Ni mimi peke yangu niliyejua, na mimi nilijua tangu mwanzo. Waliohitaji kuambiwa walikuwa ukumbi mwingine, Ohio, nao walikwisha kutawanyika zamani kila mtu na maisha yake, wakiamini kwamba waliwahi kumwona mtu mbaya akibadilika. Akasimama pale muda zaidi, mdomo wazi, akingoja mtu amkasirikie. Halafu akina mama wakamwendea, wakamshika mabega, wakamkalisha, wakamwekea kahawa, wakamwambia uchungu huwafanya watu waseme mambo.